Ukili Ukutani

Tulikuwa tumekwisha kusoma hitima ya Bi Shemsa, misahafu imekusanywa na sahani za halwa zinapita mkono kwa mkono, simu yangu ikalia. Alikuwa msichana mwenye sauti ya adabu, akajitambulisha kuwa ndiye msanifu anayesimamia matengenezo ya ile nyumba ya wageni ya Mutrah, hapa Maskati. Akasema chumba cha juu kimechakaa, ule ukili ulioshonwa ukutani umepauka, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekitengeneza chumba alitaka kunijulisha kabla hawajaung'oa. Wamepata mbao nyembamba zilizopigwa chapa ya ukili, hazishiki vumbi, na kwa macho hakuna tofauti. Mimi najulikana kwa hasira za karibu. Siku nyingine ningemjibu jibu la kumtoa usingizini. Lakini nilikuwa nimesimama uani kwa marehemu, na nyuma yangu wanawake walewale waliousuka ukili huo, waliobaki, wanapuliza vikombe vya kahawa, na badala ya kukasirika nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka. Njeri, rafiki yangu tangu ujana, aliyekuja hitimani amejitanda mtandio wangu, akanifuata kuuliza kuna nini. Nikamwambia wanataka kuung'oa ukili wa Bi Shemsa. Akasema, "Enda uone kwanza, halafu ndio ukasirike." Basi nikamwambia yule msichana nitakuja Jumapili asubuhi.

Nilizaliwa wapi, na watu wangu walifikaje Maskati, si habari ya sura hii. Mwenye hamu nayo atapata wengi wa kumsimulia, maana sisi tukikutana hatuna hadithi nyingine. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwaka niliopewa chumba. Nilikuwa nimerudi masomoni na cheti cha usanifu wa ndani ya nyumba, kichwa kimejaa vioo na taa nyembamba, nikapata kazi kwenye ofisi ndogo ya Al Khuwair, juu ya duka la mazulia. Kazi yangu ilikuwa kuchora vyoo. Sifanyi mzaha: majengo ya fleti yalikuwa yanaota kandokando ya barabara kuu, kila fleti ina vyoo vyake, na mtu mgeni ofisini ndiye anayepewa vyoo. Meza ya pili alikaa Njeri, mchoraji ramani kutoka Nakuru, aliyefika kwa mkataba wa miaka miwili na ambaye mpaka leo anasema mwakani anarudi kwao. Mchana tulifungua makopo yetu pamoja, yeye chapati na maharage, mimi wali wa nazi na samaki, tukabadilishana nusu kwa nusu na kuchekana Kiswahili mpaka mwenye ofisi agonge ukuta. Mwenye ofisi alikuwa Mohandis Khalfan, mhandisi hodari, kwao Unguja kama kwetu, lakini akiwa kazini Kiswahili alikificha kama mtu anavyoficha tundu la soksi.

Miaka hiyo kila mwenye uwezo alitaka kitu cha kisasa kisichosahau asili, na hakuna aliyejua kitu hicho kikoje. Mfanyabiashara mmoja wa Mutrah alikuwa na nyumba ya babu zake nyuma ya soko, imekaa tupu na popo, akaamua kuifanya nyumba ya wageni. Mohandis aliichukua kazi yote mwenyewe isipokuwa chumba kimoja cha juu, sebule ya kupumzikia, na chumba hicho akanipa mimi. Sijui kwa nini. Labda alichoka kuniona nimenuna mbele ya vyoo. Nilipanda ngazi za mawe zilizolika katikati, nikainama kwenye mlango ambao hata mimi mfupi ulinigonga, na mara nikatokea kwenye chumba kirefu cheupe, dari lake la boriti za mikoko zilizoletwa zamani kutoka pwani ya Afrika. Madirisha yalikuwa chini kabisa, karibu na sakafu, yamewekwa kwa ajili ya mtu aliyekaa chini. Nikakaa na baibui langu la kazini katika vumbi lile, nikaona winchi za bandari na kipande cha mlima, na upepo ukaniingia usoni moja kwa moja. Moyo ulinidunda kama siku ya Idi utotoni. Nilikitaka chumba kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilijua nikikiweza sirudi tena vyooni, na nikikishindwa nitachora vyoo mpaka nizeeke.

Bi Shemsa alikaa kichochoro cha pili kutoka hapo, mjane mwembamba, miwani imefungwa uzi mguu mmoja, mdomo haumbakishi mtu. Alikuwa amenisikia nikipita kila siku na viatu vyangu vya kisigino, akatuma mtu aniite nikale, maana kwa maoni yake anayetembea hivyo hajala. Nilikula wali na mchuzi wa nguru na achari ya ndimu, na nilipokwenda kunawa nikaona katika chumba cha nyuma, juu ya msumari, duara la ukili lenye ukubwa wa gurudumu la gari. Ukili ni ule utepe unaosukwa kwa majani ya ukindu, na tepe zikishonwa ubavu kwa ubavu ndiyo unakuwa mkeka. Ule wa Bi Shemsa haukushonwa. Alikuwa akiusuka miaka na miaka huku akizungumza na shoga zake, kwa ukindu uliokuja na jamaa ndani ya masanduku kutoka Unguja, na alipofika mwisho alianza mwingine, kwa kuwa watu wote wamekwisha kununua makochi na hakuna anayeuliza mkeka. Nikaushika. Ulikuwa mwembamba, laini, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Nikaona chumba changu chote hapohapo nimesimama na mikono inadondoka maji.

Nikarudi mbio, nikamwambia nataka kuutia ukutani. Akanitazama juu ya miwani. "Mkeka unakaliwa, mwanangu," akasema. "Ukutani unafanya nini?" Nikamweleza habari za mistari na kivuli na mwanga wa asubuhi, nikamchorea kwenye kitambaa cha karatasi ukuta mzima umevikwa ukili kutoka sakafuni hadi darini, naye akanisikiliza kwa heshima aliyompa kila mtu anayegonga mlango kuuza kitu. Halafu akasema kwao zamani kuta zilikuwa za chokaa, na mtu akiegemea anainuka na mgongo mweupe, kwa hivyo bibi yake alishona mkeka mwembamba nyuma ya kikao, wageni wasiharibikiwe na nguo. Akaichukua kalamu yangu akapiga mstari mmoja katikati ya mchoro, usawa wa mabega ya mtu aliyekaa. "Basi uwe wa kuegemea," akasema. "Watu wasipouegemea, mie sisuki." Nilitazama ule mstari nikaona mchoro wangu umekuwa mzuri mara mbili. Ukanda wa ukili kuuzunguka ukuta mzima, chini kidogo, na juu yake weupe mtupu, hakuna kingine. Nilifurahi hata nikarudi Al Khuwair nimevaa ndara za Bi Shemsa, na Njeri ndiye aliyeniuliza viatu vyangu nimeviuza wapi.

Mohandis hakupendezwa, lakini hakukataa. Akasema mwenye nyumba anakuja kutazama baada ya Idi, na chumba kiwe tayari. Mchana uleule, kupitia ukuta wa mbao unaotenganisha meza zetu na yake, tulimsikia akimwambia mwenye nyumba kwenye simu asiwe na wasiwasi: yule binti anajaribu jambo lake na wanawake wa mtaani, na likiharibika zipo ghalani karatasi za ukutani kutoka nje, nzuri, zinabandikwa kwa siku moja. Njeri akaacha penseli hewani. Mimi nikaishiwa hamu ya chapati.

Kiangazi kile nilikipitisha uani kwa Bi Shemsa. Alikusanya shoga zake, wote watu wazima, wengine walikuwa hawajagusa ukindu tangu wahamie, na siku ya kwanza walikaa wanatazamana kama wasichana walioitwa kucheza mbele ya watu. Kisha mmoja akachukua chane za ukindu, akaanza, na mwenzake akamcheka kuwa anasuka kama anafunga mzigo, na mpaka adhana ya alasiri ikiadhiniwa ua wote ulikuwa unanguruma. Tuligombana juu ya rangi. Mimi nilitaka rangi ya jani lenyewe tu, kavu, ya kimya, kama nilivyofundishwa. Wao walitaka zambarau, kijani, na nyekundu ya kuita watu kutoka barabarani, wakaniuliza kama chumba kina msiba. Siku nzima sufuria ya rangi ilichemka hali hatujapatana. Mwisho tukakubaliana jani lenyewe, na katikati yake uzi mmoja mwembamba wa zambarau unaouzunguka ukuta bila kukatika, na nakiri kwamba bila uzi ule chumba kisingekuwa chochote. Joto la Mutrah, lenye unyevu wa bahari, lilikuwa la kukamua nguo. Ukindu ulilala kwenye beseni, wakauchukua umerowa, wakausuka umerowa, kama mama zao walivyowafundisha. Wiki moja kabla ya Ramadhani tuliushona na kuupigilia, nikasimama katikati ya chumba nimezungukwa na kazi ya mikono yao, nikataka kupiga vigelegele.

Kisha mafundi wakawasha viyoyozi kuvijaribu, wakaviacha vinanguruma, na mimi nikabaki ofisini siku chache kumalizia vyoo vya watu. Niliporudi nilidhani nimekosea chumba. Ukili ulikuwa umekauka na kunywea. Misuko ilikuwa imeachia, unaona ukuta kwa nyuma kama unavyoona mtu kwenye wavu, mishono imevutana hadi misumari imetoka vichwa, na ule uzi wa zambarau niliojivunia unakwenda mbio na kusimama, mbio na kusimama. Nikamwita Bi Shemsa. Akapanda taratibu, akapitisha kiganja ukutani kutoka pembe hadi pembe. Halafu akasema, "Ukili umekonda." Akakaa chini. Sote tulikuwa tumefanya tulichokijua. Wao walisuka kwa mikono ya Unguja, ambako hewa yenyewe ina maji na jani halikauki mpaka linaisha, na ua ule wa kiangazi uliwadanganya kwa kuwa nao ulijaa unyevu. Mimi nilichora chumba cha baridi kavu, sikufikiria kwamba jani litapumua humo. Chini, kwenye ngazi, nikasikia Mohandis anamwambia fundi azitoe zile karatasi ghalani azipange tayari. Naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye ofisi yake, na bado nikiikumbuka sauti ile inayopanda ngazi naiweka kalamu chini.

Njeri alikuja kunichukua, akanikuta nimekaa sakafuni kando ya Bi Shemsa, hakuna anayemfariji mwenzake. Hakusema pole. Akazunguka chumba, akagusa, akasema hii ni kama mbao tu. Maseremala tunaowapa kazi kule Wadi Kabir hawakati mbao siku zinapofika, wanazilaza kwanza ndani ya nyumba zitakamokaa, zijue hewa yake. Nikamwambia ukili hauwezi kulala humu, umekwisha kusukwa. Lakini nilipokuwa nasema hivyo nilikuwa tayari nimesimama, maana niliona kwamba ule tutakaosuka upya bado haujasukwa. Usukwe humu humu, baridi ikiwa imewashwa, kwa jani lililopanguswa tambara bichi tu badala ya kulowekwa. Ulazwe usiku, asubuhi ukazwe tena, ndipo ushonwe. Na huu uliokonda ufumuliwe mishono, ukazwe, utakuwa mfupi, na upungufu tutausuka. Bi Shemsa alitutazama mmoja mmoja. "Kwa hivyo mnataka vizee vikae kwenye barafu," akasema, "na swaumu juu." Akajifunga mtandio vizuri, akanyanyuka. "Haya. Mwambieni huyo Khalfan chumba kina watu. Na leteni soksi."

Mwezi ule ndio mzuri kuliko yote niliyofanya kazi. Walikuja kila siku baada ya adhuhuri, kanga juu ya kanga, soksi nene za wanaume, mmoja amevaa koti la marehemu mumewe, wakajipanga chini kuuzunguka ukuta, kila mmoja na bakuli lake la maji na tambara. Njeri, aliyesema nyumbani kwao watu wakifanya kazi pamoja huimba, aliimba za kwao, nao wakamjibu za kwao, na hakuna aliyeelewa mwenzake na hakuna aliyejali. Walimfundisha kusuka, walinifundisha na mimi, na mimi nilikuwa mbaya zaidi. Nilisikia humo habari ambazo mama yangu hakuniambia: nani aliolewa kwa nguvu akaja akapenda, nani alilia meli nzima, nani alificha mbegu za mlangilangi ndani ya nywele na zikakataa kuota Maskati. Jua likikaribia kuzama tulizima viyoyozi na kufungua madirisha, tukafuturu palepale kwa tende, uji, vitumbua na katlesi, tumekaa migongo ukutani. Siku moja wakati wa futari Mohandis alipanda kutuambia tunasikika mpaka sokoni. Bi Shemsa akamwuliza, kwa Kiswahili, yeye ni mtoto wa nani, na alipotaja, akamwambia babu yake alikuwa akidondosha mate akilala. Mtu mzima yule akavua viatu, akakaa, akapewa kitumbua, na kwa mara ya kwanza nikamsikia Kiswahili chake, kitamu, cha kivivu, cha mtu aliyelelewa na bibi. Aliegemea. Nikamwona anatulia mabega. Kesho yake nikaifuta fanicha yote niliyokuwa nimeichora, viti vya chuma na meza za kioo, nikachora baraza moja ya chini, laini, kuuzunguka ukuta wote, kwa upana uleule waliokalia wale wanawake na miguu yao imenyooshwa. Kila mgeni aliyesifia chumba kile baadaye alisifia baraza ile, na mimi sikuibuni, niliikuta imekaliwa.

Mwenye nyumba alikuja mapema kuliko alivyosema. Mshono wa mwisho, ule unaokutanisha mwanzo wa ukili na mwisho wake pembeni mwa dirisha, ulikuwa bado mkononi mwa Bi Shemsa, na zile karatasi zimesimama kwenye ngazi ndani ya mifuko yake. Wengine wakajikusanya kutoka; yeye hakuinuka. Akasema sindano imo ndani, aingie tu. Yule bwana, kanzu imenyooka, kilemba cha thamani, aliingia akainama mlangoni, akasalimu, akasimama anatazama. Alitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nabana baibui langu kwa nyuma kwa vidole vyote. Halafu akakaa kwenye baraza, iliyokwisha kujengwa, upande wa pili wa Bi Shemsa, akaegemea. Aliuliza kama ipo kahawa. Mohandis akanitazama, na kwa jicho tu akanionyesha mlango, nikatoka mbio kuitafuta kahawa, na kwenye ngazi nikamkuta Njeri amezikumbatia zile karatasi za ukutani anaondoka nazo. Alizibandika jikoni kwake Wadi Kabir, na ni kweli zilikuwa nzuri. Sikuchora choo tena ila cha nyumba yangu.

Jumapili niliyoahidi nilikwenda na Njeri. Yule msichana alitupokea kwa kahawa, mchangamfu, mwenye macho yanayopima kila kitu, na nikampenda kabla sijataka. Ukili ni kweli umepauka. Lakini si wote sawasawa: kila mahali migongo ilipoegemea miaka yote hiyo pameiva, pana rangi ya asali na mng'aro, na pembeni mwa dirisha, karibu na ule mshono, palikuwa pameiva kuliko kwingine. Hapo alikaa Bi Shemsa. Alikuwa haachi kuja, asubuhi kabla ya wageni hawajaamka, mpaka miguu ilipomkataa. Wahudumu walidhani amekuja kunywa kahawa, na mimi nilijua amekuja kukagua kama unaegemewa. Nikashindwa kuendelea kutazama. Msichana akaniletea ubao wake uliopigwa chapa, na sitaki kumdhulumu, ulikuwa kazi safi, hata ule uzi wa zambarau ameukumbuka. Nikauegemeza ukutani, nikamwambia akae auegemee. Akakaa. Kisha nikamwambia asogee pembeni mwa dirisha, aegemee pale. Akasogea. Akajisukuma nyuma kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kitandani, na nikauona mwili wake unafanya uamuzi kabla yake.

Akaniuliza kama yupo mtu Maskati anayejua bado kusuka. Njeri alikuwa amekwisha kuvua viatu. Nikamwambia tupo, wengine tunasuka vibaya lakini tupo, na pale pembeni pasiguswe, kwingine kote tutasuka upya humu humu. Akatoa simu yake kuandika atuandalie nini. Ukindu upo, nikamwambia, nyumba ya marehemu imejaa. Wewe tafuta mabakuli, matambara, na chupa kubwa ya chai ya tangawizi, na viyoyozi uviwashe kuanzia leo. Tukaaga, tukashuka zile ngazi zilizolika, na chini nikakumbuka kubwa kuliko yote, nikamwita kutoka kichochoroni. Alichungulia dirishani, karibu na sakafu, kwa sababu alikuwa bado amekaa.

"Na soksi," nikamwambia. "Nene."